Vigingi Sita na Ukuta wa Mjomba

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee mkazamjomba, na uifikishe kweli, usiile njiani kama ulivyoila ile ya mwaka jana. Sisi huku wazima. Mama ameng'olewa jino la nyuma, siku hizi anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, lakini maneno hayajapungua hata moja. Anakusalimu na anauliza inakuwaje kaka mtu amalize miezi tisa bila kumwandikia dada yake. Mimi bado niko ofisi ileile ya miamba, chumba kilekile chenye dirisha lisilofunguka, na Bosi yuleyule anayepiga chafya kila nikifungua sanduku la mawe.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita tuliletewa picha za bonde lenu zilizopigwa kutoka angani, nikakiona kijito chenu. Mjomba, kile kijito kina kisa. Kinashuka wima kutoka kilimani, kikifika bondeni kinakunja kulia ghafla kama kiwiko, kinakwenda hivyo hatua kama mia, halafu kinakunja tena kushoto na kuendelea na safari yake. Maji hayakunji kona bila sababu. Mahali pale ardhi imepasuka, ufa mrefu umekatiza bonde zima, na kwa maelfu ya miaka upande mmoja umekuwa ukiteleza kando ya mwenzake na kukiburuta kijito.

Tusichojua ni kama ufa huo umelala au bado unatembea. Hakuna aliyewahi kuupima, na mimi sina ruhusa ya safari mpaka mwisho wa mwaka. Nikakukumbuka wewe, fundi wa lipu mwenye mkono kuliko wote ninaowajua. Utautambua ufa kwa udongo: upande mmoja mwekundu, upande wa pili mwamba mweusi, na katikati zile chemchemi ndogo. Piga vigingi sita, vitatu huku na vitatu ng'ambo ya ufa, vyote kwenye uzi mmoja. Hakikisha vimenyooka. Kisha kila tarehe mosi nenda na uzi wako uniandikie vimekaaje.

Jambo moja la mwisho. Sijafika huko tangu ulipostaafu ukajenga. Nyumba yako iko wapi hasa, ukipima kutoka kwenye kile kiwiko?

Ni mimi,
Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la saruji, imekunjwa mara nne na ina duara la kikombe cha chai juu ya jina langu. Usilaumu. Huku simu haishiki mpaka upande kilimani, na goti langu na kile kilima hawasalimiani. Mkazamjomba wako hajambo. Amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo. Mama yako mpe pole ya jino, umwambie kaka yake yupo, kalamu ndiyo ilipotea.

Habari ya kijito nimeisoma mara mbili. Kumbe kuna watu wanalipwa mshahara kwa kutazama mawe! Mimi nimeishi na mawe miaka thelathini na minane, nimeyajenga, nimeyapiga lipu, yameniangukia mguuni, na hakuna aliyeniita mtaalamu. Haya, vigingi nimevipiga. Mti mgumu, nimevichonga mwenyewe, timazi juu, pima maji chini. Askari wa gwaride hawasimami hivyo. Kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo, alikuja kuuliza kama najenga ua. Nikamwambia hii ni sayansi. Akauliza kama sayansi inaruhusu afunge mbuzi wake hapo. Nikamwambia hairuhusu, akaondoka na mbuzi wake, wote wawili wamenuna.

Nyumba umeiulizia. Ni nzuri. Ina vyumba vitatu na lipu laini hata nzi akitua anateleza. Iko mahali inapoonekana vizuri.

Mjomba wako,
Nyoosha


2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku salama. Mama anasema kalamu haipotei miezi tisa, anayepotea ni mtu.

Vigingi nimevifurahia mno. Ila nimeuliza nyumba iko wapi, umenijibu ni nzuri. Ni sawa na mtu aulizwe umri wake, ajibu kwamba ameshakula.

Sikuulizi kwa udaku. Kama ufa bado unatembea, nyumba iliyokaa juu yake haina amani. Ukuta wa huku utafuata udongo wa huku, ukuta wa ng'ambo utafuata wa ng'ambo, na walio ndani ndio watakaopata tabu. Huko chini ya bonde watu wameanza kununua viwanja, na ofisi inataka jibu letu kabla hawajachimba misingi. Kwa hiyo vipimo vyako vina watu nyuma yake, na wa kwanza ninaowafikiria ni wewe na mkazamjomba. Niambie basi.

Mpwa wako


5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu lori lilivunjika ekseli na dereva akakaa kwao wiki tatu akingojea nyingine, huku ameikalia barua yangu kwenye kiti. Hii nimeiandika upya, ile ya kwanza haikusomeka tena.

Mkazamjomba wako hayupo, nimemtuma kwa dada yake tangu Jumanne akamsaidie kushona mapazia. Atarudi Ijumaa. Yeye alisema dada yake hana madirisha mengi kiasi hicho, lakini nilimsisitiza, akaenda.

Vipimo ni hivi. Aprili, vigingi vyote sita viko kwenye uzi. Mei, vyote sita viko kwenye uzi. Juni, vyote sita viko kwenye uzi. Ukija na rula yako huwezi kupitisha hata unywele. Sijui wenzangu wa sayansi hufanyaje, lakini kwangu kazi ni kazi.

Nyumba haijambo. Mlango wa chumbani umekuwa mzito kufunga, nadhani ni unyevu. Halafu, kama huko mjini inapatikana saruji nyeupe, nitumie nusu mfuko. Ni kazi ndogo tu ya ndani.

Mjomba wako,
Nyoosha


24 Juni

Mjomba wangu wa pekee,

Shikamoo! Mama mzima, na sisi sote wazima, na mimi mzima kuliko wote, kwa sababu barua yako imenitoa jiwe kifuani. Miezi mitatu, vigingi sita, na hakuna kilichosogea! Nilisimama katikati ya ofisi nikapiga vigelegele mpaka Bosi akapiga chafya bila sanduku kufunguliwa.

Maana yake, Mjomba, ufa umelala fofofo. Ulikiburuta kijito zamani za kale, ukachoka. Nimekwisha kuandika ripoti, kurasa arobaini, na Bosi ataisaini mwisho wa Julai. Wale wa viwanja watajenga bila hofu. Na wewe sitakuuliza tena nyumba iko wapi. Hata kama umejenga juu ya ufa wenyewe, kaa kwa raha zako, ardhi haiendi popote. Unisamehe kwa kukusumbua.

Saruji nyeupe hiyo hapo. Dereva ameapa hataikalia.

Mpwa wako anayekupenda


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, ukiniondoa mimi.

Nimesoma kwamba ardhi haiendi popote. Sasa naona nikuambie, kwa kuwa hakuna tena sababu ya kuficha. Nyumba yangu iko palepale kwenye kiwiko. Nilipachagua kwa sababu chemchemi ilikuwa karibu na mchanga ulikuwa wa bure. Ukuta wa chumba cha kulala una ufa. Ulianza mwaka wa kwanza, kutoka sakafuni hadi darini, unaingia kidole. Nikauziba. Ukafunguka. Unajua wahenga walivyosema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuziba mara kumi na moja, mpwa wangu, kwa miaka minne, na kila mara namtuma mkazamjomba wako kwa dada yake ili asione. Wiki iliyopita nimeuziba kwa saruji yako nyeupe. Jana umefunguka tena.

Moyoni nilikuwa nikijipa matumaini kwamba ni ardhi. Sasa mtaalamu wangu mwenyewe, damu yangu, ameandika kurasa arobaini kwamba ardhi imelala. Basi kilichobaki ni mkono wangu. Watu bonde zima wananiita Nyoosha, kumbe mkono umekwisha na mimi sijui. Nina aibu ambayo siwezi kukueleza. Nimeuosha mwiko wangu wa lipu, nimeupaka mafuta, nimeufunga kwenye gunia.

Hata vigingi vyako ni ushahidi. Hakuna mwezi ambao sivikuti vile vitatu vya ng'ambo vimetoka kwenye uzi, nami navirudisha kwa nyundo kabla ya kukuandikia. Mwanzo nilimlaumu mbuzi wa kinyozi. Sasa naona ni mimi niliyevipiga vibaya.

Mjomba wako
(lile jina jingine nimeliacha)


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za wengine zingoje.

UNAVIRUDISHA? Kwa NYUNDO?

Mjomba, kazi ya vile vigingi ilikuwa kupinda! Ndiyo kazi yao pekee hapa duniani! Nilitaka kujua vikipinda vimepinda kiasi gani, na wewe kila mwezi umekwenda ukavinyoosha, kisha ukanipa habari njema kwamba vimenyooka. Nimekaa sakafuni nikacheka mpaka machozi, halafu nikaendelea kutoa machozi bila kucheka. Najua nilikuandikia uhakikishe vimenyooka. Nilimaanisha siku ile ya kuvipiga. Nilisahau ninayemwandikia ni nani.

Nimekwenda kwa Bosi kumwomba ripoti yangu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, mpwa wako akaichomoa, kalamu na ripoti vyote viwili.

Na huyo mbuzi. Mbuzi anayesukuma vigingi vitatu kwa pamoja, kuelekea upande uleule, kila mwezi, akaviacha wima? Huyo angeajiriwa hapa, mimi ningefukuzwa.

Mkono wako hauna kasoro. Nisikilize vizuri sasa. Kitanda cha mkazamjomba kiko chini ya ukuta ule? Kama kiko, kitoe leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kisha jaribu kukumbuka, hata kwa kukisia, kila mwezi ulivirudisha kiasi gani. Kitu chochote unachokumbuka kitanifaa. Namlipa dereva nauli ya abiria ili barua hii ikae mbele pamoja naye.

Mpwa wako


3 Agosti

Mpwa wangu mpendwa sana, kipenzi cha ukoo, jicho la marehemu bibi yako,

Marahaba, marahaba, marahaba! Mpe mama yako salamu, mpe Bosi salamu, kama mawe yanasikia nayo uyape salamu. Kwa hiyo si mkono wangu! Ni ardhi! Nimeusoma mstari ule mbele ya kinyozi kwa sauti, mara tatu, mpaka akaniomba nikae kitini kwa sababu alikuwa ameninyoa upande mmoja tu.

Unasema nikisie. Mpwa wangu, fundi hakisii. Kila nikirekebisha kitu naandika kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa stoo, kazi gani, siku gani, kiasi gani. Ni mazoea ya tangu nikiwa kibarua. Basi soma: tarehe mosi Aprili, vya ng'ambo vimetoka milimita moja kulia, vyote vitatu sawa. Mei, moja. Juni, moja na nusu. Julai, moja. Juzi tarehe mosi Agosti, moja, na hiyo sikuirudisha, ingawa nilirudi nyumbani na kichwa kinaniuma. Juu ya fremu hiyohiyo pana tarehe zote kumi na moja za ukuta, na upana wa ufa kila nilipouziba.

Sasa kwa kuwa kosa si langu, nina furaha na nimeutoa mwiko guniani. Ardhi isogee inavyotaka, mimi nitaziba, tuone nani atachoka kwanza. Kitanda nimekisogeza. Mkazamjomba wako aliuliza kulikoni, nikasema ni kwa ajili ya upepo. Kuhama hakuna haja.

Wako,
Nyoosha


22 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, yupo hapa pembeni, amesoma barua zako zote na anasema nisimchuje maneno. Nitamchuja kidogo, maana wewe ni mkubwa wake.

Kwanza habari njema. Niliweka namba za fremu yako juu ya meza ya Bosi. Alizipitia moja moja kwa kidole. Kisha akauliza kifaa gani kimepima hivi, nikamwambia ni uzi wa lipu na jicho la mjomba. Ukuta wako wa miaka minne na vigingi vyako vya miezi mitano vinasema jambo moja: ufa unatembea karibu sentimita moja na ushei kwa mwaka, polepole, bila kishindo. Ndiyo maana hamjawahi kutikisika na ndiyo maana mtu angedhani umelala. Hakuna mtu aliyekuwa na rekodi kama hiyo ya bonde lile. Ripoti mpya imekwisha, wenye viwanja wameambiwa wakae hatua mia kutoka kwenye mstari, na kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu, limeandikwa jina lako kamili na neno "Mpimaji".

Sasa lile jingine. Huwezi kushindana na ardhi, Mjomba. Haina siku ya kupumzika wala haina goti. Ukuta ule umebaki kusimama kwa lipu tu, na lipu haikuwekwa duniani kushika paa. Utaanguka. Sijui ni mwezi huu au mwaka kesho, lakini utaanguka, na nikifikiria aliye ndani siku hiyo ninashindwa kula. Ninaogopa, Mjomba. Naandika hivi wazi ili usije ukasema hukuelewa.

Na mkazamjomba hajui. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya si yako peke yako, ni ya wawili. Mwambie. Dereva akirudi bila jibu lako, barua yangu ya pili itakwenda kwake moja kwa moja, na ana miwani mipya.

Mpwa wako


1 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima wote wawili, namshukuru Mungu, na tunakuandikia kutoka chumba cha nyuma cha kinyozi, ambako tumepewa hifadhi kwa sharti kwamba nimwombe mbuzi radhi. Nimemwomba. Hakujibu.

Nyumba nimeibomoa. Nilitaka kuwapa wengine kazi hiyo, lakini vijana wawili wenye nyundo kubwa walikaa siku nzima kwenye kuta za sebuleni wakatoa tundu la kupitisha paka. Niliona fahari, sitakuficha. Halafu tukaenda chumbani. Ule ukuta wenye ufa niliusukuma mimi mwenyewe kwa kiganja. Mpwa wangu, ulikwenda. Kwa kiganja tu. Nilisimama pale na vumbi mdomoni, nikakumbuka mto wa mkazamjomba wako ulipokuwa umekaa miaka minne. Sitaki tena kuongea juu ya hilo.

Msingi mpya tumeuchimba juu ya mteremko, hatua mia moja na ishirini kutoka kwenye mstari. Ulisema mia, nimeongeza ishirini za kwangu. Mahali amepachagua yeye. Mimi nimepewa kazi ya kubeba maji, kwa kuwa chemchemi sasa iko mbali, na kila nikilalamika naulizwa nani aliipenda chemchemi.

Ulitaka nimwambie. Nilimwambia asubuhi ya kubomoa, kabla vijana hawajafika. Nilimtolea kiti nje, nikasimama mbele yake kama mwizi, nikamweleza yote, mara kumi na moja zote, na mapazia ya dada yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua tangu mara ya pili. Kila akirudi chumba kilinuka saruji mbichi, na mimi nilikuwa na lipu sikioni. Alikuwa anaondoka ili nipate nafasi, kwa sababu aliona ninavyoona aibu.

Nikakasirika. Nikamwambia, mwanamke, kama ulijua ukuta unafunguka na kitanda kiko chini yake, kwa dada yako kuna vyumba, kuna kitanda kizuri kuliko chetu, kwa nini kila Ijumaa ulikuwa unarudi kulala humo?

Akavua miwani, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaivaa tena ndipo akaniangalia.

"Kwani wewe ulikuwa unalala wapi?"

Mjomba wako